Itetemia: Mtoto anayenyamaza darasani anapimwa nini?

Mwanzoni mwa 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akikusanya mizigo ya kwenda bara kumtafuta David Livingstone, na moja ya mambo yaliyomsumbua kichwa ni shanga. Kila nchi ilikuwa na yake. Wanyamwezi walitaka nyekundu, samisami. Nyeusi zilipita Ugogo, kwingine zilikuwa takataka. Sungomaji zilizothaminiwa Ujiji zilikataliwa kwingineko. Nyeupe, zilizoitwa merikani, zilikubalika Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Msafiri aliyekosea hesabu alifika katikati ya nchi na mizigo ya mali safi isiyoweza kumnunulia kibaba cha mtama, na wenyeji wakamwona fukara.

Mtoto wa Itetemia, kando ya mji wa Tabora, anayeingia darasa la awali huwa amebeba mzigo wa namna hiyo. Ana miaka mitano. Anajua kuamkia, "Mwangaluka", magoti yameshuka kidogo, kisha kungoja aulizwe habari za nyumbani na kuzijibu moja baada ya nyingine bila kumkatiza mkubwa. Anaweza kutumwa kwa jirani na ujumbe wa watu wawili akarudi na majibu ya wote wawili, hajachanganya. Mvua zikianza anawafuata dada zake porini, na uyoga anaujua kwa jina: huu wa kupika, huu wa kuacha. Yote hayo yamo kichwani mwake kwa Kinyamwezi. Mwalimu anamwonyesha picha kitabuni na kumwuliza kwa Kiswahili anaona nini. Kimya. Anaulizwa tena, anatazama vidole vya miguu. Kabla muhula haujaisha amekwisha kuitwa mzito.

Niseme mapema kwamba si kila mtoto wa hapa yuko hivyo. Tabora ni mji wa Kiswahili tangu zamani za misafara, na watoto wa mitaa kama Gongoni au Ng'ambo wanazaliwa ndani yake. Lakini Itetemia ipo pale mji unapoanza kuachia mashamba ya tumbaku na viazi, na mpaka wa lugha unapita katikati ya madawati. Kwenye dawati moja ameketi anayeota kwa Kiswahili, na kando yake yupo anayekisikia kwa mwalimu na kwenye redio tu.

Wala hapa si mahali pa kumwita mtu bubu. Itetemia ndiko yalikokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, ukoo wa Fundikira. Mtemi Isike anakumbukwa kwa namna alivyokufa: Januari 1893, askari wa Kijerumani chini ya Tom von Prince walipoivunja ngome yake, aliiwasha baruti yake mwenyewe. Kisichokumbukwa sana ni kwamba mtemi hakukata shauri peke yake. Wanyampara walikaa, wakasikiliza, wakahoji, na aliyejua kupanga hoja ndiye aliyeondoka na ng'ombe. Halafu kulikuwa na ile njia ya misafara. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuta biashara ya pembe imeshamiri na wapagazi wa Kinyamwezi wanakwenda pwani na kurudi. Kirangozi, aliyeongoza msafara, hakupewa kazi kwa misuli. Alitakiwa ajue njia, ajue nyimbo za kuwaamsha watu waliochoka, na ajue kusema na mtemi mwenye kudai hongo ili msafara upite bila damu. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ule unaomruhusu mtu kumchokoza mwenzake hata msibani, mara nyingi huelezwa kwamba ulipikwa kwenye njia hiyo hiyo. Watu hawa walikula kwa ulimi.

Swali ni kwa nini wajukuu wao wanaonekana hawana ulimi wakiketi mbele ya ubao. Wanasaikolojia wameligusa swali hili kwa zaidi ya miaka mia moja, wengi wao bila kulijua.

Kipimo cha maneno

Alfred Binet na Theodore Simon walitengeneza kipimo chao cha akili mjini Paris mwaka 1905. Lengo lilikuwa jema: kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Sehemu kubwa ya kipimo ilikuwa maneno. Rudia sentensi hii. Uma ni nini? Vitu hivi viwili vinafanana wapi? Tangu wakati huo imeonekana nchi baada ya nchi kwamba mtihani mfupi wa msamiati hutabiri vizuri maendeleo ya mtoto shuleni, hata ukilinganishwa na vipimo virefu zaidi. Wazazi wakiambiwa hivyo hushangaa, na wana haki. Kujua maana ya neno fulani kunamsaidiaje mtu kwenye sayansi au hesabu?

Jibu ni kwamba hakuna anayefundishwa maneno yote anayoyajua. Tunayaokota. Mtoto anamsikia bibi akisema "amana" siku jirani alipoacha fedha nyumbani, analisikia tena msikitini, mara ya tatu kwenye ugomvi wa kiwanja, na kila mara anaikaribia maana kidogo, kwa kupima nani alikuwa anasema nini na kwa nini. Hakuna aliyeketi naye kumweleza. Kwa hiyo idadi ya maneno anayoyajua mtu inabeba habari mbili kwa pamoja: wepesi wake wa kukisia maana, na mara ngapi amepita mahali ambapo maneno hayo hudondoka. Raymond Cattell, mmoja wa mabingwa wa fani hii, alitenganisha akili ya kulifumbua jambo jipya na akili iliyolimbikizwa kutokana na malezi na masomo. Katika karatasi mambo hayo yanatengana vizuri. Mtahini aliyeshika orodha ya maneno hana njia ya kuyatenganisha, na akiwa na haraka ataliita tokeo lote akili.

Mwaka 1986 Keith Stanovich alieleza jinsi pengo hili linavyojizalisha, akalipa jina kutoka Injili ya Mathayo, pale aliye nacho anapoongezewa. Mwenye maneno mengi husoma kwa raha, anayesoma kwa raha husoma zaidi, na kusoma zaidi kunampa maneno mengine. Mwenye machache anakwepa kitabu. Miaka mitano baadaye wawili hao, walioanza wamepishana kidogo tu, hawaonekani kama waliwahi kuketi darasa moja.

Dawa za miti shamba

Utafiti unaonivutia kuliko yote katika jambo hili ulifanyika magharibi mwa Kenya, miongoni mwa Wajaluo wa kando ya Ziwa Viktoria. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, akiwamo Frederick Okatcha, walichapisha matokeo yake mwaka 2001. Waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Baadhi ya mitihani ilikuwa ile inayojulikana dunia nzima: mafumbo ya picha, na msamiati. Mmoja waliutunga kutokana na maisha ya hapo kijijini, nao ulihusu dawa. Mtoto anaelezwa kisa: nyumbani kuna mdogo wako, ana homa, koo linauma, kichwa kinauma, siku kadhaa sasa. Anatajiwa dawa za miti shamba. Ipi inafaa, ipi haifai, na inatumiwaje?

Huo haukuwa mchezo. Minyoo na malaria viliwaandama karibu watoto wote wa eneo hilo, na wastani wa mtoto mmoja ulikuwa kujitibu au kumtibu mwenzake kwa dawa hizo mara moja hivi kwa wiki. Ni maarifa yenye maneno yake, majina ya miti, dalili na vipimo, na kuyakosea kuna gharama.

Watafiti walitegemea nini? Nadharia ya siku nyingi inasema vipimo vyote vya akili husogea pamoja: mwepesi huku, mwepesi kule. Hapa havikusogea pamoja. Ujuzi wa dawa haukuwa na uhusiano wa maana na baadhi ya mitihani ya shule, na kwenye mingine uhusiano ulikuwa wa kinyume: waliojua dawa sana walielekea kupata kidogo. Hata baada ya kuzingatia hali ya uchumi ya familia, hali ikabaki hivyo.

Maelezo ya watafiti yanaeleweka kwa yeyote aliyekulia kijijini. Familia huamua mapema, bila kikao wala maandishi, nani ni wa shule na nani ni wa nyumbani. Yule aliyeonekana atafika mbali na masomo anaachwa asome. Mwingine anashinda na babu, anatumwa, anafundishwa. Kila mmoja analimbikiza maneno ya pale alipowekwa. Atakayekuja na mtihani wa msamiati wa Kiingereza atawapanga watoto hao kwa mstari mmoja na kuamini amewapanga kwa akili.

Nimejiuliza mara nyingi mtihani wa namna hiyo ungekuwaje Itetemia. Ungekuwa wa uyoga, bila shaka. Au wa asali: mzinga gani uko tayari, nyuki gani ni wa kuogopwa, mti gani unatoa maua lini. Au wa kukausha viazi, kwa sababu michembe na matobolwa havitengenezwi kwa njia moja na mtoto wa miaka minane hapa anaijua tofauti. Sisemi uyoga uchukue nafasi ya sarufi. Mtu akishajua uyoga wote wa miombo bado hawezi kusoma maelekezo ya mfuko wa mbolea, na kuna waandishi wanaozisifu hekima za kijijini huku watoto wao wakilipiwa karo mjini. Ninachosema ni kwamba mtihani wa uyoga ungeonyesha kama yule aliyeitwa mzito ana kichwa kinachoshika, kinacholinganisha na kinachoeleza. Hilo ndilo mwalimu anataka kulijua kabla hajakata tamaa naye.

Somo lisilofika saa moja

Watafiti hao hao, wakiwa na kundi la Watanzania, walikwenda hatua moja mbele karibu na Bagamoyo, mwanzo wa njia iliyofika huku kwetu. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Watoto 358 wa miaka 11 hadi 13 waliingia kundi la kwanza, na 100 wakawa kundi la kulinganishia. Wote walipewa mafumbo matatu: kupanga kadi kwa kanuni ambayo mtoto anatakiwa kuigundua mwenyewe, kukata shauri kutokana na sentensi mbili tatu walizosomewa, na mchezo wa maswali ishirini.

Huu wa mwisho unastahili kutazamwa kwa karibu. Mtahini anafikiria kitu kimoja kati ya vingi, na mtoto ana maswali ishirini ya ndiyo au hapana ili akijue. Mtoto ambaye hajawahi kuuona mchezo huu huanza kubahatisha: ni hiki? Hapana. Ni hiki? Hapana. Ni kile? Anamaliza maswali yake na vitu bado ni vingi. Aliyeugundua ufunguo anauliza swali linalokata vitu vyote nusu kwa nusu: ni chekundu? Ni cha mviringo? Kwa maswali machache amefika. Tofauti yao iko kwenye swali, na kuuliza swali zuri ni ufundi wa lugha kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Baada ya jaribio la kwanza, kundi kubwa lilifundishwa mbinu. Muda wote wa kufundishwa haukufika saa moja. Kisha wote wakapimwa tena. Kundi la kulinganishia lilibaki karibu palepale, wa kwanza akiwa wa kwanza na wa mwisho akiwa wa mwisho. Waliofundishwa walipanda, na zaidi ya kupanda, mpangilio wao ukavurugika: alama za mwanzo hazikusema mengi tena juu ya nani angefanya vizuri baada ya kufundishwa. Na alama za baadaye, zile za baada ya somo, ndizo zilizolingana vizuri zaidi na uwezo wao katika mitihani mingine.

Fikiria maana yake kwa mtoto aliyeandikwa mzito muhula wa kwanza. Dakika chache za kuonyeshwa namna mchezo unavyochezwa zilitosha kubadili picha yake. Sisi tunampima mara moja, kwa lugha anayoisikia kwa mbali, halafu tunalihifadhi jibu kwa miaka saba.

Fumbo la sentensi lina historia yake, nayo ina funzo la adabu. Mwaka 1931 na 1932 Mrusi Alexander Luria alikwenda Uzbekistani kuwauliza wakulima wasiosoma mafumbo ya aina hiyo. Kule kaskazini kwenye theluji dubu wote ni weupe. Nchi fulani iko huko kaskazini. Dubu wake wana rangi gani? Wengi walikataa kujibu. Mimi sijafika huko, walisema, waulize waliofika. Luria aliona hapo upungufu wa kufikiri nje ya yale mtu aliyoyaona. Huenda. Lakini mzee wa baraza la Itetemia angemwona mtu huyo kuwa shahidi mwaminifu, maana anayesimulia asiyoyaona ndiye mwongo. Baadaye Sylvia Scribner na Michael Cole, waliofanya kazi Liberia, walionyesha kwamba mara nyingi watu hawa hukata shauri barabara, wakishakubali kwamba swali linataka wafuate maneno yaliyotolewa na waache wanayoyajua. Shule ndiyo inayofundisha makubaliano hayo. Asiyekwenda shule hana habari kwamba yapo.

Na uwezo wenyewe haujapigwa mhuri. Embu, Kenya, watoto wa miaka saba hivi walipimwa mwaka 1984, na wengine wa rika hilo hilo wa eneo hilo hilo wakapimwa mwaka 1998. Katika miaka 14 alama zilikuwa zimepanda sana, hasa kwenye mafumbo ya picha. Tamara Daley na wenzake walipotafuta sababu, zilizosimama imara zaidi ni kusoma kwa wazazi, muundo wa familia, na lishe na afya ya watoto. Vizazi havikubadilishana damu katika miaka 14. Mama zao ndio waliokuwa wamekwenda shule.

Kusoma bila kusikia

Kiswahili kina neema moja inayotudanganya. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza watoto wa Tanzania wanavyojifunza kuandika, walionyesha kwamba hata hivyo si mteremko: konsonanti zinapofungamana, kama kwenye mb, nd au ng, makosa hujaa. Lakini hayo makosa angalau yanaonekana. Kisichoonekana ni kuelewa. Mtoto wa Kinyamwezi wa darasa la tatu anaweza kuisoma hadithi ya Kiswahili kutoka juu hadi chini bila kukwama, mkaguzi akatabasamu, na mtoto asijue hadithi ilihusu nini.

Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kwenye hesabu mwaka 1986: kusoma ni kutambua maandishi mara kuelewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Katika Kiingereza, chenye tahajia ya vituko, watoto wengi hukwama upande wa kwanza na kila mtu anaona. Kwetu upande wa kwanza hukamilika mapema na kuuficha wa pili.

Mkoa wa Tabora ulikuwa kati ya mikoa saba ya mwanzo ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014 ili kuinua elimu ya msingi. Tathmini zake, zilizofanywa na taasisi ya Oxford Policy Management, zilirudia kuonyesha kwamba watoto wasiozungumza Kiswahili nyumbani walikuwa nyuma ya wenzao, na katika mikoa hiyo ndio waliokuwa wengi. Moja ya majibu ya mpango lilikuwa utayari wa kuanza shule: kwa muda wa majuma kumi na kadhaa, vijana wa kijiji husika walichaguliwa kukaa na watoto ambao hawakupata darasa la awali, wakiwasimulia hadithi, wakiimba na kucheza nao kwa Kiswahili, huku wakiweza kuwaeleza kwa lugha ya nyumbani pale walipopotea. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu chenye akili zaidi kilichofanyika huku katika miaka hiyo, na kilichogharimu kidogo. Kijana wa hapo hapo anajua mtoto ananyamaza kwa sababu gani.

Kuna sehemu ya kazi ambayo serikali haiwezi kuifanya. Senegali, Ann Weber, Anne Fernald na Yatma Diop walifuatilia vijiji vya Wawolof ambako ilikuwa desturi kutozungumza sana na mtoto mchanga. Wazazi waliopitia mpango wa shirika la Tostan wa kuwahimiza waongee na watoto, kwa Kiwolof chao wenyewe, waliongeza maneno yao kwa watoto karibu maradufu ndani ya mwaka mmoja, na msamiati wa watoto ukakua. Kilifi, pwani ya Kenya, Alcock na Amina Abubakar na wenzao walithibitisha kwamba mama asiyejua kusoma anaweza kueleza kwa usahihi mtoto wake anasema maneno gani, kwa Kigiriama au Kiswahili, akiulizwa kwa mdomo badala ya kupewa fomu. Mama wa Itetemia hahitaji Kiingereza cha kuokoteza ili amjenge mtoto. Anahitaji kuongea naye anapomenya viazi, na kumwachia nafasi ya kujibu. Wazazi wengi wa mjini wanaolipia shule za Kiingereza wamekoma kuongea na watoto wao kwa lugha yoyote, wanawapa simu.

Ukuta wa kidato cha kwanza

Aliyeuvuka mpaka wa kwanza anakutana na wa pili. Miaka saba amejengwa kwa Kiswahili, kisha Januari moja biolojia, jiografia na fizikia zote zinageuka Kiingereza. Shanga alizozipata kwa jasho hazinunui tena. Mwalimu anauliza kama wameelewa, darasa zima linaitika kwamba limeelewa, na somo linaendelea.

Hili halikujulikana jana. Tume ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, wataalamu wa Uingereza walioitwa kupima hali ya Kiingereza shuleni, waliripoti kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa sekondari waliowapima hawakuwa wakipata chochote cha maana katika masomo mengine kwa sababu ya lugha. Serikali ikabaki na Kiingereza, na wataalamu wenyewe, cha ajabu, wakashauri kiimarishwe. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa LOITASA, wa Birgit Brock-Utne, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Afrika Kusini, ulifundisha mada zile zile kwa lugha zote mbili. Halima Mwinsheikhe, aliyeangalia biolojia, aliona kilekile wenzake walichokiona: kwa Kiswahili wanafunzi waliuliza, wakabishana, wakaeleza. Kwa Kiingereza walinakili.

Hofu ya wazazi ni kwamba mtoto akifundishwa kwa lugha yake atakikosa Kiingereza. Ile-Ife, Nigeria, Babs Fafunwa alilijaribu hilo kuanzia mwaka 1970: kundi moja la watoto lilifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake aliyefunzwa. Watoto hao walifanya vizuri kuliko wenzao, na kwenye Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma.

Wanaotetea mfumo uliopo hapa Tabora humtaja Julius Nyerere. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12 na Kizanaki chake. Mwaka 1937 alikuja kusoma shule ya Tabora, akamaliza mwaka 1942, akaenda Makerere, kisha akarudi kufundisha St. Mary's, hapa hapa mjini. Aliyekuja kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na The Merchant of Venice mwaka 1969, alianza kujifunza Kiswahili akiwa mkubwa kuliko wanafunzi wa darasa la nne wa leo. Si alivuka lugha mbili akafika? Alifika. Lakini shule ya Tabora ilikuwa ikichagua wachache kutoka majimbo mazima, na kijana huyo alikuja na utoto uliokamilika ndani ya lugha moja, amekaa na wazee wa baba yake, mtemi, akisikiliza mashauri. Alikuwa na kitu cha kuhamisha.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliruhusu Kiswahili hadi juu. Toleo lake la 2023 limerudi kwenye mgawanyo wa zamani, Kiswahili msingi na Kiingereza sekondari, na wakati huo huo limefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Hadi sasa mtihani wa darasa la saba ndio uliokuwa mlango: waliogongana na ukuta wa Kiingereza ni wale waliofaulu, na hata hao wengi walirudi nyumbani na sifuri. Chini ya mpango mpya mlango huo unaondoka. Kila mtoto wa Itetemia, wa Gongoni na wa porini, ataingia kidato cha kwanza, tena akiwa na mwaka mmoja pungufu wa Kiswahili kuliko kaka yake. Shule zina kozi ya majuma machache ya kuwazoesha Kiingereza wanaoanza, na nyingi huiendesha na walimu walewale wa masomo, ambao nao waliponea chupuchupu kwenye ukuta huo huo.

Nilimuuliza mwalimu mmoja wa sekondari wa huku atafanyaje. Alisema atafanya anavyofanya sasa: mlango ukifungwa, anafundisha kwa Kiswahili, mkaguzi akija anageuza. Na wale ambao hata Kiswahili hakijakaa sawa? Hao, alisema, anao mwanafunzi wa mbele anayewatafsiria kwa Kinyamwezi, ila ratiba haina nafasi ya kazi hiyo na mtoto mwenyewe anataka kumaliza kunakili.